Pua ya Mzee Athol

Kwa miezi kumi na minne Noreen Clennett alijenga mashua ndani ya gereji, na kwa miezi yote hiyo mumewe, Ross, aliegesha gari nje mvuani. Hakununa. Ila kila asubuhi ya baridi, akikwangua barafu kwenye kioo, alipaza sauti kiasi cha kumfikia mkewe jikoni, akilalamika kwamba kuanzia Cygnet mpaka Hobart hakuna bwana mwingine aliyefukuzwa gerejini kwake na mbao.

Ilikuwa mashua ya plaiwudi na gundi, futi kumi na tisa, yenye kibanda kidogo mbele na mashine ya petroli nyuma. Noreen alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka ishirini na saba, na siku alipostaafu mikono yake ilikuwa haijawahi kushika randa. Ross ndiye aliyeipa mashua jina, Kituo cha Mwisho, akalipaka rangi yeye mwenyewe kwenye tezi, nyuma kabisa, na kwa kweli aliandika vizuri.

Aliyemfundisha kazi ni Athol Direen. Upande ule wa mto Huon hakuna asiyemjua Athol. Alianza kuunda vyombo akiwa na miaka kumi na minne, sasa alikuwa na sabini na minne, mgane, magoti yamechoka, lakini pua yake ilikuwa bado inaitwa kila mahali. Mtu akishajijengea mashua nyumbani, kabla ya kuiwasha mara ya kwanza humwita Athol. Mzee huja na kofia yake ya sufu, hupiga magoti, huingiza kichwa kwenye ngama, kule chini kabisa ya sakafu ambako maji na mafuta hujikusanya, halafu hunusa. Akisema safi, ni safi. Akikunja uso, injini haiwashwi siku hiyo. Hapokei malipo. Ukimpa kambakoche mmoja au keki ya tufaha, ameshaenda zake.

Noreen alikuwa mwanafunzi wake wa karibu, na jambo moja alilolipenda kwake ni kwamba hakumtafunia kila kitu. Alimwuliza yeye kwanza. Wakifungua kopo la gundi, humwuliza, "Unasikia harufu gani?" Wakikata ubao wa zamani, humwuliza tena. Noreen hueleza, inanukia siki, inanukia moshi, inanukia viatu vya mvua, na mzee hutikisa kichwa polepole kama mwalimu aliyeridhika.

Kazi ya mwisho ilikuwa tundu la hewa la tangi. Tangi lilikaa chini ya sakafu, na tangi ni lazima lipumue. Petroli ikiingia, hewa itoke. Mashine ikinywa, hewa irudi. Kwa hiyo mpira mwembamba hutoka mgongoni mwa tangi, hupanda kwa ndani ubavuni mwa mashua, hujikunja juu kama shingo ya bata ili maji yasishuke, kisha hushikwa kwenye kikomo cha shaba kinachotokeza nje, chenye wavu mdogo wa kuzuia cheche.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Noreen alisimama na drili mkononi, akashindwa kuanza. Alikuwa amehangaika mwaka na zaidi kuziba kila upenyo, na sasa anaambiwa atoboe. Athol alimwekea kidole pale pale pa kutoboa, juu, karibu na ukingo, na kumkumbusha kwa nini lazima pawe nje wala si ndani.

"Mvuke wa petroli hauruki, dada," alimwambia. "Ni mzito. Unatambaa mpaka chini, unakaa, unasubiri cheche."

Alitoboa. Kilichowasumbua ni mpira. Ule wa dukani ulikuwa wa kukata kutoka kwenye bunda, na Noreen alikuwa amenunua kipande cha mwisho, kisha nyumbani akakipunguza ncha mara mbili ili akate wima. Ulipofika kwenye kikomo cha shaba ulikuwa umejivuta kama kamba ya kuanikia nguo. Aliuliza kama asubiri Jumatatu duka lilete bunda jipya anunue mwingine. Lakini sherehe ilikuwa Jumamosi, Ross ameshawaalika majirani wote, na pai zimeshaagizwa. Athol aliuvuta kwa vidole viwili, akasema unafika. Noreen akaukaza kwa kibano, akafunga kifuniko, wakanywa chai.

Jumamosi kulikuwa na jua na upepo mdogo wa kusini. Waliiburuta mashua kwa trela, kilomita sita, nne kati ya hizo zikiwa barabara ya kokoto, na Ross aliendesha kama aliyebeba mayai. Iliposhushwa majini ilielea sawasawa, haikuinama upande wowote, na watu kama ishirini waliosimama gatini walipiga makofi. Noreen alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta. Wakaisogeza kwa kamba hadi kwenye pampu ya mafuta iliyoko mwisho wa gati.

Wakati wa kujaza, Noreen aliegemea nje na kuweka kiganja mbele ya lile tundu la shaba, kama alivyofundishwa. Mafuta yakiingia, unapaswa kuhisi tangi linakupumulia mkononi. Hakuhisi kitu. Alisogeza mkono, akaurudisha. Akamwambia Athol, aliyekuwa ameshika bomba la pampu, kwamba hapumuliwi.

"Upepo unaichukua kabla haijakufikia," mzee alisema.

Upepo wenyewe haukuwa hata wa kupeperusha kitambaa. Lakini aliyesema ni Athol, basi Noreen akautoa mkono. Harufu ya petroli ilikuwepo, naam, ila pampuni kuna harufu ya petroli siku zote. Zikaingia lita hamsini. Wakafunga kifuniko. Ross alikuwa ameshapanda na kuketi mbele na sanduku la pai za nyama mapajani, akiwaambia wa gatini kwamba kama mashua itazama, pai zitaokolewa kwanza.

Kisha watu wakanyamaza, kwa sababu wote walijua kinachofuata. Wengine waliinua simu zao wapige picha. Noreen alifungua kifuniko cha sakafu ili kumpisha mzee, na akiwa bado amepiga magoti, harufu ikampanda usoni.

Haikuwa harufu ya kujiuliza. Ilimchoma macho, ikamkaba koo. Akatazama chini, na pale pembeni mwa pampu ndogo ya kutolea maji akaona kimiminika kimetulia, kinang'aa rangi nyingi kama shingo ya njiwa.

Hakusema neno. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakusema, na jibu alilolipata ni kwamba kusema haikuwa kazi yake. Mwenye kusema alikuwa amefika. Alijisogeza pembeni, akasubiri mzee apige kelele.

Athol alipiga magoti kwa taabu. Aliingiza kichwa chote, mpaka mabega yakaziba tundu. Kifua chake kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na machozi yanamtiririka mashavuni, na alikuwa akitabasamu.

"Safi," alisema. "Safi kabisa, dada. Washa."

Noreen alidhani ni mzaha. Alisubiri aucheke. Badala yake aliona mkono wa mzee, ule mkono mpana wenye kucha nene, unanyooka kuelekea swichi kubwa ya betri, kwa sababu ilikuwa desturi yake kumwashia mwenye chombo umeme wa kwanza. Swichi ile ikigeuka, pampu ya maji ya chini hujijaribu yenyewe. Aliifunga Noreen mwenyewe. Alijua iko wapi. Ilikuwa imekaa ndani ya petroli.

Alimkamata kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili.

"Usiguse," alisema. "Ross, shuka. Watu wote wasogee huko nyuma. Zimeni simu."

Ilikuwa ile sauti ya basi, ambayo haikuwa kali wala ya juu, lakini kwa miaka ishirini na saba ilikuwa imewakalisha watoto arobaini kwa mpigo. Ross alifungua mdomo atanie, akauona uso wa mkewe, akashuka. Mhudumu wa pampu alikata umeme. Noreen bado alikuwa ameshika ule mkono, na mzee hakuuvuta.

"Kuna petroli huko chini, Athol. Inaonekana kwa macho."

Mtu mwingine yeyote angeinama kutazama. Angebisha, angeuliza imetokea wapi. Athol hakutazama sakafuni hata kidogo. Alimtazama yeye, na uso wake ukaisha rangi, akauliza kwa sauti ya chini sana, "Nyingi?"

Hapo ndipo Noreen alipoogopa kweli. Petroli ilikuwa haijamfanyia hivyo. Lilikuwa lile swali.

Zimamoto wa kujitolea walifika baada ya robo saa, wanaume wawili na mwanamke mmoja aliyekuwa kiongozi wao, Jocelyn, ambaye siku nyingine hufundisha hesabu. Walimwaga povu, wakafungua vifuniko vyote upepo upite, wakashusha kifaa cha kupimia mvuke, na kikalia muda mrefu. Jocelyn alipata lita kama nne. Alimweleza Noreen pembeni, bila kumtisha, kwamba kikombe kimoja kingetosha, na kwamba kama swichi ingegeuzwa, wangekuwa sasa wanaokota vipande vya mbao upande wa pili wa mto. Alitaja mbao tu, hakutaja kingine. Ross alisikia. Alikwenda nyuma ya meza ya kuparia samaki, akakaa kwenye saruji, sanduku la pai bado mikononi.

Mpira waliukuta umechomoka kwenye kikomo cha shaba, unaning'inia kwa ndani. Barabara ya kokoto ilikuwa imeutikisa mpaka ukaachia. Tangi lilipojaa, mafuta yalipanda kwenye mpira na kumwagika ndani ya mashua, na pumzi yote ya tangi ilikuwa ikitokea humo humo. Mpira ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Noreen aliushika, akautazama ule mkato wa wima. Ni yeye aliyeukata. Hakuna wa kumsingizia.

Lakini lilikuwepo lingine. Mikono yake bado ilikuwa imejikunja kama iliyoshika kifundo cha mtu. Alikwenda nayo hivyo hivyo hadi kwenye benchi la mwanzo wa gati, alikokuwa ameketi Athol peke yake, kofia magotini. Watu walikuwa wamempisha kwa heshima, wakidhani umri umemshtua.

"Tangu lini?" Noreen aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanyie hivyo, mzee."

Athol aligeuza uso mtoni. Boti ya wavuvi wa kambakoche ilipita mbali, na mawimbi yake yakafika na kugonga nguzo za gati kabla hajajibu.

"Tangu ile homa. Agosti ya mwaka juzi."

Akamweleza yote, bila kupamba. Alipopona alijimiminia kahawa akadhani birika lina maji matupu. Akangoja irudi, maana daktari alisema kwa wengi hurudi. Haikurudi. Alikuwa akinywa maziwa yaliyochacha bila kujua mpaka tumbo limweleze. Nyumbani hakuna wa kumwambia mkate unaungua. Na watu waliendelea kumpigia simu. Mara ya kwanza alikwenda akiwa amekusudia kusema. Lakini alipofika, kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa, familia nzima imesimama kimya inamngoja yeye.

"Nikainama," alisema. "Nilipoinuka nikasikia mdomo wangu unasema safi. Na kweli ilikuwa safi, hakikutokea kitu. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi."

Noreen alikumbuka yale maswali yote ya gerejini. Unasikia harufu gani. Miezi kumi na minne alikuwa akijivunia mwalimu anayemwuliza maoni yake, kumbe mzee alikuwa akiazima pua yake. Alijisikia mjinga, kisha akasikia baridi, kwa sababu hesabu ilikuwa imeanza kichwani.

"Umepitisha vyombo vingapi tangu hapo?"

"Vitano. Ukiacha chako."

"Vya nani?"

Alitaja vinne upesi, na wenyewe, na mahali vinapofungwa. Kwenye cha tano alianza kuzungusha kofia vidoleni. Noreen alilijua jina kabla halijatamkwa, na alitamani lisitamkwe.

Pasaka ya mwaka uliopita, mashua ya Gavin Quilty ililipuka ikiwa imetia nanga, saa nne asubuhi, watu wakitoka kanisani. Gavin alikuwa na miaka thelathini na minane, fundi wa mabati, na mashua aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mikono hiyo na shingo viliungua. Alilazwa Hobart wiki tisa. Na kabla hata hajatolewa bandeji ya kwanza, mji mzima ulikuwa umeshajua sababu: sigara. Gavin aliapa kwamba alikuwa ameacha kuvuta miaka miwili nyuma. Hakuna aliyemwamini, na mkewe, Sheree, aliyekuta kiberiti kwenye jaketi lake la zamani, hakumwamini vilevile. Waliendelea kukaa pamoja, lakini watu waliona jinsi wanavyotembea, mmoja mbele na mwingine nyuma.

Noreen alikuwa mmoja wa waliosema. Aliyakumbuka maneno yenyewe. Alikuwa kwenye foleni ya mkate dukani kwa Hedley, akasema, "Mtu na sigara yake hawaachani," na watu wakacheka kwa huzuni, akaona amesema vizuri.

"Ulijua?" alimwuliza Athol.

"Hata leo sijui. Labda alivuta. Labda ni mpira kama wako. Iliungua mpaka kwenye maji, hakikubaki cha kutazama." Mzee aliiweka kofia benchini. "Ninachojua ni kwamba aliniita ninuse, na mimi sikunusa kitu. Nikamwambia safi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilikwenda hospitali mara moja. Alinishukuru kwa kuja."

Noreen alisimama. Kwanza alikwenda kwa Jocelyn na yale majina manne, akamweleza kwa ufupi, na Jocelyn, baada ya kumkodolea macho mzee pale benchini kwa muda, alitoa simu na kuanza kumwambia mwenye chombo mmoja baada ya mwingine asiwashe injini mpaka apigiwe tena. Kisha Noreen alichukua funguo za gari kwa Ross, akarudi kwenye benchi.

"Inuka."

"Twende wapi?"

"Unajua."

Athol aliomba iwe kesho. Alisema hajala, hajabadili nguo, angependa kwanza apange maneno. Noreen alimjibu kwamba akipewa usiku mmoja wa kupanga maneno, atakuta kesho yamekuwa mengine. Mzee akainuka.

Noreen ndiye aliyeendesha. Nyumba ya akina Quilty ilikuwa juu ya kilima, mbele yake miti ya aprikoti, na Sheree alikuwa jikoni akichemsha jemu kwenye sufuria kubwa, chupa tupu zimepangwa mezani. Gavin alifungua mlango kwa kiwiko. Ngozi ya mikono yake ilikuwa laini na ya kung'aa, na vidole viwili vya kulia havikunyooka. Alifurahi kuwaona. Aliuliza kama mashua imeelea vizuri, akasema alitaka kuja kutazama lakini harufu ya gatini bado inamsumbua.

Athol hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama katikati ya jikoni na kusema. Alisema homa, alisema Agosti, alisema siku aliyoingiza kichwa kwenye ngama ya Gavin na kutoka na neno lile. Alisema hajui kama kulikuwa na petroli. Alisema kwamba kama ilikuwepo, asingeijua.

Gavin alisikiliza akiwa ameegemea friji. Uso wake haukubadilika, ila pumzi yake ilianza kusikika. Mzee alipomaliza, Gavin alijiondoa kwenye friji.

"Mwambie yeye," alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa. Nilikuwepo. Nilijua sikuwasha kitu."

Sheree alikuwa amewapa mgongo muda wote, anakoroga. Sasa aligeuka na mwiko mkononi. Macho yake yalikuwa makavu na makali, na alimtazama Athol kama mtu anayetazama fundi aliyekuja kumwuzia uongo mwingine. Alisema kwamba ni vizuri sana, mwaka karibu umeisha, na leo ndipo wanamletea hadithi ya pua. Akauliza Gavin amemlipa nini.

Athol akaanza upya. Alimweleza yeye sasa, polepole zaidi, na alipokuwa akisema, jemu ikaanza kuungua. Hakuna aliyekuwa akikoroga. Kwanza ilikuja harufu ya sukari iliyopita kiasi, halafu ya ukaa, kali, ya kukereketa. Noreen aligeukia jiko. Gavin aligeuka. Moshi ulikuwa ukipanda nyuma ya bega la Sheree, na Sheree mwenyewe alikunja pua akaanza kunyoosha mkono nyuma kuzima gesi, kisha akausimamisha hewani.

Alikuwa akimtazama mzee. Athol alikuwa anaendelea kueleza, macho sakafuni, jinsi kahawa ilivyomwia maji. Aliendelea mpaka moshi ukapita kati yao, na hata hapo aliinua macho kwa sababu tu wengine walikuwa wamenyamaza kwa namna ya ajabu.

"Husikii?" Sheree aliuliza.

"Sisikii nini?"

Sheree akazima jiko. Aliuweka mwiko juu ya meza, akauweka vizuri, kisha akateremka taratibu na kukaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, kama mtu aliyekatwa nyuzi. Hakulia. Alimwangalia mumewe, mikono ile, akaitazama kana kwamba imeungua asubuhi hiyo. Gavin hakumsogelea.

Noreen alikuwa amekuja kumsindikiza mzee tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia garini. Lakini alijisikia anasema.

"Na mimi nilisema ni sigara. Dukani kwa Hedley, kwenye foleni. Nilisema mtu na sigara yake hawaachani. Watu walicheka."

Gavin alimgeukia, na kwa hili uso wake ulibadilika. Athol hakuwa amefaulu kuubadilisha.

"Wewe?" alisema. "Wewe uliyekuwa unaniletea supu Hobart?"

"Ndiyo."

"Kila Jumatano."

"Ndiyo, Gavin."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, si kwa kukubali. Kisha akawaomba waondoke, kwa adabu, na akawafungulia mlango kwa kiwiko.

Katika yale majina manne, vyombo vitatu vilikutwa salama. Cha nne, cha wazee wawili wa Port Huon waliokuwa wakisafiri nacho kila Jumapili na mjukuu wao, tundu la hewa la tangi lilikuwa linatokea ndani ya kabati la makoti, na lilikuwa hivyo tangu siku Athol alipoinuka na kusema safi. Jocelyn alipoleta habari hiyo, Noreen alitoka uani akasimama kando ya tangi la maji ya mvua mpaka Ross alipomfuata na koti.

Athol alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo pale gatini, kwa mwandiko wake mwenyewe, akieleza alichofanya na kuwataja wote aliowafanyia. Hakuna aliyemtukana usoni. Wengine waliacha kumsalimu, na wengine walianza kumpelekea chakula, na Noreen hakujua ni lipi lililomwumiza zaidi. Yeye mwenyewe alinunua mpira mpya, mrefu wa kutosha kulegea, akaufunga kwa vibano viwili kila upande, na mashua ikakaa juu ya trela. Kila aliposogea karibu na ile swichi vidole vyake vilikataa.

Siku ya tatu Gavin alimpigia simu. Sauti yake haikuwa ya hasira, wala haikuwa ya kusamehe. Alisema Sheree hajalala tangu Jumamosi, na kwamba yeye ana swali moja tu.

"Siku ile dukani. Walikuwa akina nani?"

Noreen alikaa kwenye ngazi ya gereji na kuwakumbuka mmoja mmoja, mahali aliposimama kila mtu. Kisha wale aliowaambia baadaye: mwalimu wa michezo, dada wa kanisani, mkwewe. Ikafika majina kumi na moja. Gavin aliyasikiliza yote bila kumkatiza.

"Basi anza kuwaambia," alisema, akakata.

Noreen aliiweka simu mfukoni. Halafu akavaa viatu, akateremka kwa miguu mpaka kwa Hedley, ambako kulikuwa na wateja watatu, na akasimama kwenye foleni kusubiri zamu yake.